Aksesi Pointi Inapokataa Kuzungumza na Swichi

Ndugu wasikilizaji na mafundi wenzangu, nimeombwa kuzungumzia tatizo ambalo kila anayetunza mtandao amekutana nalo: aksesi pointi, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, imechomekwa kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao kwa kebo, lakini haijiungi. Nianze kwa kulilaumu neno lenyewe. Tukisema "haijiungi" tunafunika matatizo yasiyofanana hata kidogo, kwa kuwa kifaa kisicho na umeme, kifaa chenye umeme kisichosikilizana na swichi, na kifaa kinachosikilizana nayo lakini hakijapata anwani ya IP, vyote kwa mtumiaji ni kitu kimoja: Wi-Fi haipo. Fundi anayebadilisha kifaa kabla ya kujua ameshikwa na lipi kati ya hayo anacheza bahati nasibu, tena akiwa juu ya ngazi.

Tuanzie kwenye umeme, maana aksesi pointi nyingi hulishwa na kebo ileile inayobeba data. Swichi ya PoE, yaani inayopitisha umeme kwenye kebo ya data, haimwagi umeme ovyo. Kwanza hupeleka volti ndogo na kupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa takribani kiloomu 25. Isipoukuta, poti, yaani tundu la kuchomekea kebo, hubaki bila umeme. Ndiyo sababu baadhi ya aksesi pointi za volti 24, zilizotengenezwa kupokea umeme usiotanguliwa na kipimo chochote, hukaa gizani zikichomekwa kwenye swichi kama hiyo, ilhali vifaa vyote viwili ni vizima.

Umeme ukitoka, swali linalofuata ni kama unatosha. Kiwango cha PoE cha 802.3af cha mwaka 2003 kinaruhusu wati 15.4 kwenye poti, na kinachohakikishwa kufika kwenye kifaa ni wati 12.95, kwa sababu kebo nayo hula sehemu yake. Kile cha 802.3at cha mwaka 2009 kinatoa wati 30, na cha 802.3bt cha mwaka 2018 kinafika wati 90. Aksesi pointi inayohitaji wati 25 ikiwekwa kwenye poti ya kiwango cha kwanza inaweza kuwaka taa vizuri kabisa huku imezima baadhi ya redio zake ili kubana matumizi. Zaidi ya hapo, swichi ina kikomo cha jumla: yenye poti 24 na wati 370 za PoE, ikigawa wati 30 kamili kwa kila poti, hutosheleza poti 12 tu. Kifaa cha 13 kitakosa umeme, na lawama zote zitakiangukia chenyewe.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo aksesi pointi moja ilikuwa ikizimika na kuwaka kila ukumbi ulipojaa watu, ilhali usiku ilitulia kabisa. Kifaa kilikuwa kimeshabadilishwa mara mbili. Nilikata plagi, nikachukua uzi mmoja wa waya na kuukwaruza kwa ncha ya kisu. Rangi ya shaba ikabanduka, chini yake pakang'aa weupe. Ilikuwa kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu. Redio zilipoelemewa na watumiaji zilivuta umeme zaidi, volti ikashuka njiani, na kifaa kikajizima. Kebo ile ilikuwa na urefu wa mita 80 hivi, ndani ya kikomo cha mita 100 tunachokijua sote, lakini kikomo hicho kimewekwa kwa kebo ya shaba.

Kuhusu waya wenyewe sitakawia. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne, na ile ya megabiti 100 inahitaji mbili tu. Kwa hiyo mkiona poti ya gigabiti imeshuka hadi 100, tazameni plagi kabla ya kugusa mipangilio.

Sasa nije kwenye eneo linalonisumbua zaidi, nalo ni VLAN, yaani mitandao kadhaa inayotenganishwa ndani ya swichi ileile. Kwa kawaida aksesi pointi yenyewe huomba anwani ya IP kwa fremu (vifurushi vya data) zisizo na lebo, huku data ya majina ya Wi-Fi inayoyatangaza ikisafirishwa kwa lebo za 802.1Q, zinazotaja VLAN ya kila fremu. Poti ikiruhusu VLAN moja tu isiyo na lebo, kifaa kitapata anwani na kuonekana kwenye kontrola, mfumo unaosimamia aksesi pointi, kama kizima, lakini wageni watakaojiunga na jina lao hawatapata anwani kamwe. Ikiwa kinyume chake, yaani lebo zote zipo na VLAN isiyo na lebo imeelekezwa kusiko na DHCP, huduma inayogawa anwani, taa itawaka, poti itasoma gigabiti, na kifaa kitajipa anwani inayoanza na 169.254 au kitabaki bila anwani. Njia yangu ni kuchomeka kompyuta mpakato kwenye kebo ileile ya aksesi pointi: ikipata anwani ya mtandao uliokusudiwa, VLAN isiyo na lebo na DHCP viko sawa, ila lebo za wageni bado hazijapimwa.

Poti pia inaweza kufungwa na swichi yenyewe. Ulinzi unaoruhusu anwani moja tu ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, utaifunga pale simu ya kwanza inapopita kwenye aksesi pointi, na ukiitazama kwa mbali utadhani kebo imekatika. Kumbukumbu za swichi hueleza sababu waziwazi, lakini wengi wetu tunazifungua mwisho, baada ya kubana plagi tatu.

Lipo jambo moja lililobaki, nalo hutokea kila kitu kingine kikiwa sawa: anwani ipo, kontrola inafikika, ila aksesi pointi inakataliwa. Angalieni saa. Kifaa kilichokaa stoo muda mrefu kinaweza kuwaka kikiamini kiko miaka kadhaa nyuma, na cheti cha usalama cha kontrola kitaonekana kwake kuwa bado hakijaanza kutumika. Kiruhusuni kifikie seva ya NTP, inayotoa saa sahihi. Saa ikisharekebishwa, kitajiunga chenyewe bila mtu kupanda ngazi.