Kabla hujalipia laptopu ya kukunja, ikunje kwanza

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo siongei na mafundi, naongea na nyie mnaotembea na laptopu kwenye begi, maafisa mikopo, mawakala wa bima, wahasibu mnaozunguka kukagua stoo za watu, maana nyie ndo mnanipigia simu, kaka ninunue ipi, hii inayogeuka au ile ya kawaida. Na swali linalofuata hapo hapo ni prosesa gani, ramu ngapi. Ni maswali ya maana, ila kwa laptopu ya kukunja hayo mi nayaweka baadae. Naanza na hiki hapa, bawaba. Chukua mashine mbili za kampuni moja, za mwaka mmoja, prosesa ile ile, moja inakunjika nyingine haikunjiki, ile inayokunjika kwa kawaida itakuwa ghali zaidi na nzito kidogo. Hela hiyo ya juu umelipia bawaba, kioo cha tachi na kalamu. Kama kwa wiki nzima huikunji hata mara moja basi hela yako imelala humo ndani.

Wazo lenyewe la zamani. Mwaka 2001 Bill Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka mitano kompyuta za aina ya tableti ndo zitauzwa kuliko zingine zote Marekani, na mwaka 2002 Microsoft wakatoa Windows XP maalumu kwa ajili yake. Haikuwa. Zile za wakati ule zilikuwa na bawaba moja katikati, unakizungusha kioo kama shingo ya feni ya mezani halafu unakilaza juu ya kibodi, nene, nzito, na nyingi zilisikia kalamu yake tu, ukiweka kidole hamna kitu. Ilipotoka Windows 8 mwaka 2012 Lenovo wakaleta Yoga, bawaba mbili pembeni, kioo kinazunguka nyuzi 360 mpaka kinalala chini ya kibodi. Upande wa maofisini ikaja ThinkPad Yoga 2013, X1 Yoga 2016, HP wakaja na EliteBook x360 1030 mwaka 2017, Dell na Latitude 7400 2-in-1 mwaka 2019. Hizo ndo mnazoziona sana sa hivi pale Kariakoo kama mtumba, kwa hiyo leo mifano yangu mingi itatoka humo.

Sasa niwaambie kwa nini mi naipenda hii kitu, manake naipenda kweli. Kuna dada afisa mikopo nilimsindikiza Buguruni, kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kaunta yenyewe nyembamba, upande huu mizani, upande huu boksi la misumari, nafasi iliyobaki kama sahani mbili za wali. Na laptopu ya kawaida pale unafanyaje? Unaifungua ukiielekeza kwako, mama wa watu anatazama mgongo wa kompyuta, deni ni lake ila hesabu unaiona wewe. Yule dada akaisimamisha kama hema, kioo kikamwelekea mama, ratiba ya marejesho yote iko mbele yake miezi kumi na mbili. Mama akaisoma kimya, akashuka na kidole mstari kwa mstari, alipofika mwezi wa kwanza akagonga pale na ukucha, akasema, "Hapa mwanangu hapana, Januari nina ada za watoto watatu." Wakabadilisha pale pale, Januari ikapunguzwa, Machi na Aprili zikabeba. Mi niliona pale thamani ya bawaba. Mkopo ungesainiwa vile vile hata bila hema, lakini Januari ingemkuta yule mama na rejesho asiloliweza na simu za kudaiwa zingeanza.

Ikaja saini. Mama akashika kalamu, akaegemeza kiganja kwenye kioo kama mtu yeyote anavyoandika kwenye karatasi, ukurasa ukaruka ukaenda chini. Akajaribu tena, ukaruka tena. Hapo ndo mjue kuna kitu cha kupima ambacho kwenye tangazo hakionekani, mashine inatakiwa ikishasikia kalamu iko karibu, ikipuuze kiganja. Zinatofautiana sana, na nyingine shida iko kwenye programu unayotumia kusaini, kwenye programu moja inatulia kwenye nyingine inaruka. Kwa hiyo usijaribu kwa kuchorachora tu kwenye programu ya rangi ya dukani, nenda na PDF yako ya kazini kwenye flashi, fomu ile ile mteja anayojaza, weka kiganja kabisa, usaini mara tano.

Na hiyo saini isikutie hofu, Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, saini ya kielektroniki inatambulika. Ila muulizeni mwanasheria wenu taratibu gani zinatakiwa, kwa sababu kuchora jina kwenye kioo ni kitu kimoja, kuweza kuthibitisha nani kachora na kwamba waraka haukubadilishwa baadae ni kitu kingine, na sheria inaliangalia sana hilo la pili.

Tuje kwenye bawaba yenyewe unaipimaje. Inua kifuniko kwa mkono mmoja, tumbo lisinyanyuke kutoka mezani. Ikiwa imesimama kama laptopu ya kawaida, gusa kona ya juu ya kioo kwa kidole kama unavyobonyeza kitu, uangalie kinatikisika muda gani kabla hakijatulia, kikicheza cheza kila ukigusa utaacha kukigusa na hapo tachi haina maana tena. Isimamishe hema kwenye kaunta inayoteleza, igongegonge, isijifungue yenyewe ikalala. Halafu izungushe polepole mpaka mwisho, sikio likiwa karibu, usikie kama kuna mlio wa kuvunjika vunjika, na macho yako kwenye kioo, kikipepesa au kikizima kwa sekunde kwenye nyuzi fulani ujue waya unaopita kwenye bawaba umeanza kuchoka. Angalia zile kona mbili nyuma kama kuna ufa, hata mdogo kama unywele, maana ufa huo kila ukikunja unakua. Ukishaikunja yote, bonyeza vitufe kwa nyuma, kibodi inatakiwa iwe imejizima, isiandike kitu. Zile ThinkPad Yoga za kwanza zilikuwa na fremu inayopanda mpaka vitufe vinajifunga, nyingine nyingi zinajizima kwa programu na sensa, sasa sensa ikifa unakuta umeshika mashine mkononi inajiandikia yenyewe kwenye fomu ya mteja.

Kalamu. Hapa niliumia mwenyewe, na kampuni siitaji. Nilinunua moja ya mtumba, safi kabisa, kidole inakisikia kila mahali, nikajua imepita. Wiki mbili baadae niko mbele ya mteja, anasaini, kalamu haiandiki. Anasogeza kushoto inaandika, anarudi kulia haiandiki. Kumbe kulikuwa na kamstari kama upana wa vidole viwili, kutoka juu mpaka chini upande wa kulia, kidole kinasikika ila kalamu imekufa, kwa sababu kwenye baadhi ya mashine tachi ya kidole na usomaji wa kalamu havipimwi kwa kipimo kimoja. Na kwenye fomu yetu sanduku la saini lilikaa pale pale kulia. Nilimpa karatasi, akasaini kwa peni, na njiani kurudi nilijisikia vibaya sana, hela ilikuwa imeshatoka. Tangu siku hiyo nachora mistari ya mshazari kutoka kona mpaka kona, polepole, pole kuliko unavyofikiri, kama kumi hivi, ikikatika kuna sehemu imekufa, ikipinda pinda kama mawimbi ujue saini za watu hazitafanana na zao. Na fanya kwa kidole, halafu urudie yote kwa kalamu.

Lingine la kalamu, haziingiliani hovyo. Sio kila kalamu inaandika kwenye kila mashine hata kama zinafanana kama mapacha, kwa hiyo mashine ya mtumba bila kalamu yake mi naihesabu pungufu. Halafu kuna zinazotumia kibetri chembamba cha AAAA, A nne, sio kile cha rimoti, ukikosa hicho mtaani unabaki na kijiti. X1 Yoga kalamu inaingia kwenye tundu lake ubavuni na kujichaji humo, kwa mtu wa kuzunguka mi naona hiyo ndo bora, ni nyembamba kuishika lakini huipotezi.

Mtumba sasa, wengi wetu ndo tunanunua huko. Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama TPM 2.0 na prosesa za Intel kwa ujumla kuanzia kizazi cha nane, na ukitaka kujua kizazi soma namba baada ya kistari, i5-7200U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane, i5-1135G7 hapo ni kumi na moja. Kwa hiyo ile x360 1030 G2 ya 2017 nzuri kwa macho lakini iko nje ya mstari, G3 iliyofuata iko ndani, na X1 Yoga ni kuanzia toleo la tatu la mashine yenyewe, la 2018. Tofauti ya bei kati yao unaweza kuikuta ndogo, usiiachie. Ramu kwenye hizi X1 Yoga na x360 1030 imechomelewa kwenye ubao, fundi hawezi kukuongezea, chukua ya 16 toka mwanzo.

Kabla hujatoa hela, izime uiwashe ukiwa umeshika F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, ikiomba paswedi ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, na muuzaji haijui, rudisha. Halafu ifute irudi kama imetoka kiwandani, uiunganishe na hotspoti ya simu yako ianze upya kabisa, kuna mashine zilizotoka makampuni ya nje ambazo bado zimesajiliwa huko, ikipata intaneti inadai imeili ya kazini ya kampuni usiyoijua. Betri, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakupa uwezo wa kiwandani na uwezo wa sa hivi, wa sasa ukiwa chini ya nusu, ipunguze kwenye bei.

Itoe nje juani pia, usiipime chini ya taa ya duka tu. Vioo vingi vya tachi vinang'aa, mwanga wa niti 300, niti ndo kipimo cha mwanga wa kioo, saa saba mchana kwenye baraza la mteja unajiona uso wako mwenyewe, 400 na kuendelea angalau. Na muulize fundi wako bei ya kioo kabla hujanunua, sio baada, kwa sababu kioo, tachi na usomaji wa kalamu mara nyingi vimegandishwa pamoja, kikipasuka unabadilisha vyote. Matundu mtaangalia wenyewe, projekta za kumbi nyingine bado zinataka waya wa zamani wa VGA, beba adapta.

Dada mhasibu pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza, yeye anakaa ofisini siku nzima na Excel. Dada yangu, usinunue hii. Chukua inchi 15 yenye namba pembeni ya kibodi, hela inayobaki ongeza monita. Na wewe kaka wa bima unayeingia nyumbani kwa watu, chukua, ila yenye Windows Pro ili uifunge diski kwa BitLocker, humo ndani una vitambulisho na magonjwa ya watu, na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Nimekuja na mbili, ziko kwenye meza hii, moja nzima na moja ina kasoro. Sisemi ipi. Njooni watano watano, kalamu hizi hapa, anzeni na mistari ya mshazari.