Lamalera: Nyangumi, Mahindi na Soko la Jumamosi

HAMISI: Karibuni tena. Leo tuko Indonesia, lakini si Bali wala Jakarta. Tunakwenda mashariki ya Flores, kisiwa cha Lembata, pwani ya kusini, kijiji kinachoitwa Lamalera. Dada Mwanaidi ndiye aliyeng'ang'ania mada hii.

MWANAIDI: Nimeng'ang'ania, kaka Hamisi, kwa sababu watu wakitaja Lamalera wanakuonyesha picha moja tu: mwanamume kasimama kwenye omo ya mashua, ana mwanzi mrefu wenye chusa, anajirusha juu ya nyangumi. Picha ni ya kweli. Ila kijiji hakiwezi kula picha hiyo.

HAMISI: Basi tuimalize kwanza, msikilizaji asibaki na kiu. Anajirusha kweli, mwili mzima?

MWANAIDI: Mwili mzima. Mpiga chusa kule huitwa lamafa. Chusa akikitupa kwa mkono tu hakizami vya kutosha, kwa hiyo anaruka nacho na uzito wake ndio unaokididimiza. Kisha anaangukia majini, anaogelea kurudi chomboni, na kamba inakwenda mbio mbele ya miguu ya wenzake. Kuna waliokatwa viungo na kamba ile, na kuna waliozama nayo. Mwaka 1994 nyangumi alizikokota mashua za kijiji mbali kabisa kuelekea kisiwa cha Timor, mabaharia wakaja kuokolewa na meli ya watalii.

HAMISI: Na mashua zenyewe zinanigusa mimi kama mtu wa Lamu. Wanaziita tena. Hazina msumari hata mmoja, mbao zimeshikamanishwa kwa vigingi vya mti, na tanga lilikuwa la majani yaliyosukwa. Ukisikia hivyo unaikumbuka mitepe yetu ya zamani, iliyoshonwa kwa kamba na kutwekwa tanga la ukili.

MWANAIDI: Na kila tena ni mali ya ukoo, si ya mtu mmoja. Nyangumi akivutwa ufukweni, kila kipande cha mwili wake kina mwenyewe kabla kisu hakijagusa ngozi. Kuna fungu la koo za wenyeji wa asili wa ardhi ile, kuna la mabaharia, la fundi aliyeunda chombo, la mhunzi aliyefua chusa. Wajane na yatima nao wana haki ya kufikiwa, na asipofikiwa mtu, kijiji kizima kinajua.

HAMISI: Nilisoma kwamba hata ugomvi wa nyumbani unahesabiwa.

MWANAIDI: Sana. Msimu wao huitwa lefa, unaanza Mei na kwenda hadi Oktoba hivi. Siku chache kabla ya tarehe 1 Mei koo zinakaa kikao pale pale ufukweni, zinatoleana madukuduku. Mwenye deni na mwenye kinyongo wote wanasema. Wanaamini ukienda baharini na huku umeacha ugomvi nyumbani, chusa hakishiki. Halafu wanawakumbuka waliopotea baharini, na tarehe 1 padri anasoma misa mchangani na kubariki vyombo. Ni Wakatoliki, mmisionari Bernhard Bode alifika mwaka 1920. Lakini kabla ya misa, wenye ardhi wamekwisha kupanda mlimani kufanya matambiko yao ya kumwita nyangumi.

HAMISI: Na hawapigi kila nyangumi.

MWANAIDI: Hapana. Wanamtaka koteklema, yule mwenye meno na kichwa kikubwa. Nyangumi wa buluu ni mwiko, kwa sababu masimulizi yao yanasema aliwahi kumbeba babu yao. Sasa kaka, niruhusu nihame baharini, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

HAMISI: Hama.

MWANAIDI: Lamalera iko juu ya mwamba. Mteremko, mawe, udongo kidogo. Kulima pale ni kujitesa. Kwa hiyo nyama hata iwe ya kujaza ufukwe, mtu hataishi kwa nyama. Anataka mahindi. Na mahindi yako mlimani, kwa watu wengine. Anayeyafuata ni mwanamke. Nyama imekatwa vipande virefu, imeanikwa juani ikawa ng'onda, anaitia kwenye beseni, anajitwisha kichwani, anapanda vijiji vya juu mlango kwa mlango. Na Jumamosi kuna soko la Wulandoni.

HAMISI: Hilo soko lieleze polepole.

MWANAIDI: Wanawake wa pwani wanakuja na ng'onda ya nyangumi, samaki, taa (yule samaki bapa) aliyekaushwa, chumvi waliyoipika wenyewe, na chokaa ya kutafunia tambuu. Wa mlimani wanatandaza mahindi, ndizi, mihogo, viazi. Wanakaa wanatazamana, hakuna anayegusa. Mtoza ushuru anapita kwanza, anachukua chake kwa bidhaa zenyewe. Kisha kipenga kinalia. Hapo sasa! Mahindi na ndizi huhesabiwa kwa mafungu ya sita sita, na kipande cha nyama kina idadi yake ya mafungu inayojulikana. Mtu anaweza kumaliza soko lote bila kushika rupia. Mimi nasema uchumi wa Lamalera umebebwa na vichwa vya wale wanawake, na kila mpango ulioletwa kutoka nje ukawasahau ulikuwa na upungufu tangu mwanzo.

HAMISI: Mpango kama upi?

MWANAIDI: Miaka ya 1970 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipeleka mtaalamu wa uvuvi wa nyangumi kutoka Norwei ili kuwafundisha njia za kisasa. Mradi ukaisha, kijiji kikarudi kwenye tena zake. Ukiongeza nyama bila kufikiria nani ataikausha, nani ataipandisha mlimani, na mlimani watatoa mahindi kiasi gani, umeongeza kazi tu.

HAMISI: Hapo nakuunga mkono. Lakini nyangumi yule anahurumiwa na dunia nzima, na mimi nawaelewa wanaomhurumia. Indonesia si mwanachama wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, kwa hiyo masharti yake hayawabani, sawa. Hata hivyo, taa wakubwa serikali yao wenyewe iliwalinda kisheria mwaka 2014, na watu wa Lamalera wamewahi kukamatwa kwa ajili hiyo. Huwezi kusema bahari haina mwisho.

MWANAIDI: Sisemi hivyo. Nasema wahusishwe. Bahari ya Savu ilipotengwa kuwa hifadhi, walipinga kwa nguvu, na maji yao yakaachwa nje ya mipaka. Hao si watu wasiojua kuzungumza na serikali. Kijiji hiki kimezaa Gorys Keraf, mwanaisimu ambaye vitabu vyake vya lugha vimesomwa na wanafunzi Indonesia nzima. Kimezaa Sonny Keraf, aliyekuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 1999 hadi 2001. Waziri wa Mazingira, kaka, kutoka kijiji cha wawinda nyangumi!

HAMISI: Hiyo sikuijua kabisa. Ila na hapo ndipo penye mtihani: shule nzuri inawatoa. Akisoma anakwenda Kupang, mji mkuu wa mkoa, anakwenda Jakarta. Asiyesoma sana, kama vijana wengi wa mkoa ule, anavuka kwenda mashamba ya Malaysia. Nani atabaki kushika kasia?

MWANAIDI: Na binti akiondoka, nani atajitwisha beseni? Swali hilo huwa haliulizwi. Anayebaki ana kazi nyingine pia, kufuma vitambaa vya ikat, ambavyo nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, vyenye picha za mashua na za samaki taa ndani yake. Vitambaa hivyo ndivyo upande wa bibi harusi hurudisha wakati wa mahari, na mahari yenyewe kule hutajwa kwa pembe za ndovu, kisiwa ambacho hakijawahi kuona ndovu. Kwa hiyo ufumaji si wa watalii tu.

HAMISI: Mimi tumaini langu ni mashine. Siku hizi wana boti ndogo za injini, wanaziita jonson, zinazikokota tena hadi aliko nyangumi, na zenyewe zinavua samaki wa kawaida. Kijana mwenye injini ana sababu ya kubaki.

MWANAIDI: Anayo. Lakini fuata njia ya pesa. Injini inataka petroli, petroli inataka rupia, na rupia inapatikana ukimwuzia samaki mbichi mchuuzi wa Lewoleba, mji mkuu wa Lembata. Samaki huyo hafiki Wulandoni. Mama wa mlimani amekaa na mahindi yake, hana rupia, na mwenzake wa pwani hana cha kumpa. Tangu Lembata iwe wilaya yake mwaka 1999 barabara ya kusini imezungumzwa sana, na naitaka ijengwe, mgonjwa afike hospitali. Ila barabara hiyo hiyo ndiyo itakayompeleka samaki mjini.

HAMISI: Kwa hiyo ungefanyaje?

MWANAIDI: Ningeanza na Wulandoni. Banda, maji, mahali pa kuanikia pasipo na mvua, na ile hesabu ya sita iachwe kama ilivyo. Na ushirika wa injini ungetoa fungu la samaki kwa ajili ya soko, kama tena inavyotoa mafungu yake. Mgawanyo wanaujua kuliko mimi na wewe.

HAMISI: Nitakubishia kuhusu ushirika, lakini muda umekwisha. Wiki ijayo tunabaki mkoa huo huo na wale wanaovuka kwenda Malaysia. Tuandikieni maswali mapema.