Pumu ya Mtoto na Msimu wa Salfa

HAMISI: Karibuni kipindini. Huku Newala mikorosho imechanua, mashine za kupulizia mikorosho unga wa salfa zinanguruma tangu alfajiri. Dada Somoe, kwa mwenye mtoto wa pumu mwezi huu ukoje?

SOMOE: Wa kukesha, kaka. Salfa hupulizwa umande ungali kwenye majani ili ishike, na saa hizohizo watoto ndiyo wanaelekea shule. Kule California, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta watoto wanaoishi karibu na mashamba yanayopulizwa salfa wana dalili nyingi zaidi za pumu.

HAMISI: Mimi nisipopuliza, ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, unamaliza maua.

SOMOE: Puliza! Jirani mwenye mgonjwa umwambie tu siku yenyewe, afunge madirisha. Naye mtoto awe ameshaanza dawa yake ya kila siku, asisubiri abanwe.

HAMISI: Hapo ndipo pana ubishi. Mtoto anacheza mpira mpaka magharibi, dawa ya nini?

SOMOE: Si ndiyo dawa yenyewe inayomchezesha? Kifua kikitulia, njia za hewa zinaweza kuwa bado zimevimba ndani. Beklometasoni, hiyo ya kuvuta kila siku, hupunguza huo uvimbe polepole, kwa siku na wiki. Salbutamoli, ya kuvuta akibanwa, hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, ikiisha imeisha. Mara nyingi ya kwanza ina kopo la kahawia, ya pili la bluu, lakini soma jina. Akibanwa usiku, la kahawia halitamwokoa.

HAMISI: Na wanaosema atakuwa teja wa inhela, hicho kikopo cha kuvutia dawa?

SOMOE: Aka! Hakuna uteja hapo. Madhara yapo, sifichi: mwaka wa kwanza anaweza kupungukiwa kama nusu sentimita ya kimo, na mdomoni huota utando mweupe asiposukutua. Basi asukutue, ateme.

HAMISI: Wangu yuko darasa la kwanza. Dawa yote inaishia ulimini.

SOMOE: Tafuta chupa ya maji ya nusu lita, ioshe, ikauke. Toboa kitako, tundu lilingane na mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa gundi hewa isivuje. Tikisa inhela, chomeka. Mtoto abane shingo ya chupa kwa midomo, ubonyeze mara moja, apumue taratibu humohumo mara tano au sita. Kama kaandikiwa mibonyezo miwili, tikisa upya urudie; usibonyeze miwili kwa mpigo.

HAMISI: Chupa ya maji kweli, dada?

SOMOE: Watafiti wa Afrika Kusini waliipima, wakachapisha mwaka 1999. Watoto waliobanwa walipata nafuu sawa na waliotumia kifaa cha dukani.

HAMISI: Nimuwahishe hospitali wakati gani?

SOMOE: Hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo inageuka rangi, au la bluu halimsaidii. Usingoje kukuche. Njiani endelea kumpa la bluu kwa chupa.

HAMISI: Akitulia miezi mitatu, naacha?

SOMOE: Mrudishe kliniki, daktari ndiye apunguze, tena kidogokidogo. Na achague kipindi ambacho hakuna kinachomchokoza.

HAMISI: Mwezi wa saba basi hapana.

SOMOE: Na salfa hii? Hata usimuulize.