Shanti Iko Kichwani, Damu Inavuja Mgongoni

HAMISI: Karibuni tena jamani. Leo Neema kaja na jambo ambalo niliposikia mara ya kwanza nikajua kachanganya, mtu kafanyiwa operesheni ya kichwa halafu anavuja damu mgongoni, inakuwaje dada?

NEEMA: Sijachanganya kaka, ni nadra sana ila inatokea. Shanti ni ule mpira mwembamba unaotoa maji kwenye ubongo kuyapeleka tumboni. Mtu mzima anatengeneza kama mililita 500 za maji hayo kwa siku, ila kwa wakati mmoja anakuwa nayo kama 150 tu, mengine yanarudi kwenye damu, sasa njia ikiziba yanajaa ndo anawekewa shanti.

HAMISI: Sawa, mgongo unaingiaje?

NEEMA: Maji ya kichwani na ya mgongoni ni yale yale. Shanti ikivuta kupita kiasi presha inashuka, unakuta kichwa kinamuuma akisimama akilala kinapoa, na kwa vile fuvu haliwezi kunywea lazima kitu kijaze ile nafasi, basi vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zinatuna, hadi zile zinazozunguka uti wa mgongo ambazo kuta zake ni nyembamba...

HAMISI: Kidogo tu zinapasuka.

NEEMA: Ndo hapo. Kateleza bafuni, kaangukia makalio, wewe ungeinuka ukaendelea na shughuli zako, yeye anaweza kuvuja, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin ndo hatari zaidi. Wengine damu inavujia kichwani chini ya utando unaofunika ubongo halafu inateremka taratibu mpaka kiunoni.

HAMISI: Dalili zake?

NEEMA: Maumivu makali ya ghafla ya mgongo au shingo yanayoshuka miguuni, ganzi, miguu kukosa nguvu, mkojo kugoma. Na hiki ndo kinaniuma Hamisi, mtu wa shanti akilalamika wote tunakimbilia kichwa, siti skani ya kichwa inatoka safi anaambiwa akapumzike, kumbe shida iko chini na ilitakiwa MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku, ya mgongo!

HAMISI: Ila si kila maumivu ya mgongo...

NEEMA: Hapana, mengi ni misuli tu, sitaki watu waogope. Lakini miguu ikilegea ni dharura ya siku hiyo hiyo, uti wa mgongo ukikaa umebanwa na hiyo damu neva zinakufa, inabidi wafungue mfupa kwa nyuma watoe damu. Mwenye nguvu miguuni anaweza kuangaliwa kwa karibu tu, damu ikafyonzwa yenyewe.

HAMISI: Na shanti wanaitoa?

NEEMA: Si lazima. Shanti ina vali, kilango kinachopima maji yanayopita, na kuna vali zinazorekebishwa kwa sumaku juu ya ngozi bila kupasua, wanapunguza mvuto wa maji. Ila sumaku ya MRI nayo inaweza kuvuruga baadhi ya vali hizo, kwa hiyo sema una shanti kabla hujalala kwenye mashine, na ukitoka waipime vali upya kabla hujaondoka.