Mkono Unaoshika Mafuta

Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara, mbele ya manahodha, mafundi mashine na wanafunzi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mashindano ya boti za kasi baharini. Wengi mmeyaona kwenye simu: boti inaruka, maji yanatimka, watazamaji wanashangilia. Kinachoonekana pale ni kasi. Leo nataka tuutazame mkono wa yule anayeshika mafuta.

Katika ngazi ya juu ya mashindano haya, boti huwa na watu wawili. Mmoja ameshika usukani. Wa pili, ndiye anayeshika mafuta, hana usukani kabisa. Kazi yake ni moto wa mashine, yaani nguvu inayotokana na mafuta, na mkao wa boti majini. Boti ikipanda wimbi ikaruka, rafadha, yaani panga linalosukuma boti, hutoka majini, mzigo huondoka ghafla, na mashine isipozuiwa huzunguka hadi kuharibika. Kwa hiyo hupunguza moto rafadha inapotoka tu, kisha huurudisha kwa kipimo boti inapotua. Akikosea kipimo, gia inapokea pigo lote, au omo, yaani mbele ya boti, inachimba wimbi linalofuata. Anafanya hivyo wimbi baada ya wimbi, na boti ya kilomita 200 kwa saa inapita zaidi ya mita 55 kila sekunde. Anasikiliza mashine kwa sikio na bahari kwa nyayo. Nahodha anayevusha watu kwenda Msanga Mkuu wakati wa kusi anaifahamu sehemu ya elimu hii, nami nasema hivyo kwa heshima kubwa.

Umbo la boti nalo lina hadithi yake. Mwaka 1960, katika mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, bahari ilichafuka vibaya. Boti za tumbo bapa zilipigwa na mawimbi hadi zikapunguza mwendo. Richard Bertram alikuwa na Moppie, boti iliyochorwa na Ray Hunt, ambayo tumbo lake lina pembe kali kutoka omo mpaka tezi, yaani nyuma. Ilipasua mawimbi, ikafika kwa takriban saa nane za safari, na mshindi wa tatu akaingia kesho yake. Tangu siku ile waundaji wa boti za bahari wazi wamefuata umbo hilo. Baadaye zikaja boti za matumbo mawili, ambazo hewa inayopita katikati huzibeba. Zina kasi zaidi, lakini omo ikiinuka mno upepo huingia chini na kuipindua boti kinyumenyume.

Mchezo huu umeua watu hodari. Didier Pironi, dereva wa magari ya Formula 1 aliyevunjika miguu Hockenheim mwaka 1982, aligeukia boti. Tarehe 23 Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, boti yake ilikutana na mawimbi yaliyoachwa na meli ya mafuta, ikapinduka. Alikufa pamoja na wenzake wawili. Nawaomba sana mlishike hili, kwa sababu msimu wa korosho meli kubwa zinaingia na kutoka bandari yetu. Meli ikishapita, mawimbi yake bado yako njiani.

Mwaka 1990 Stefano Casiraghi, bingwa mtetezi, alifariki katika mashindano ya Monaco. Mwenzake aliokoka. Kifo hicho kilisukuma matumizi ya chumba kilichofunikwa na mikanda ya kumfunga dereva kitini.

Kabla ya hapo wengi walikuwa wakisimama wazi, magoti yamekunjwa kidogo yapokee pigo, maji ya chumvi machoni. Mabinti mlioko hapa, Betty Cook wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1977 na tena 1979, katika zama hizo hizo za kusimama wazi.

Chumba kilichofunikwa kilileta hatari nyingine: boti ikipinduka, maji yanaingia nawe umefungwa. Ndiyo maana dereva hutakiwa kufanya mtihani. Hufungwa ndani ya kiti cha mazoezi, kiti hugeuzwa chini ya maji, naye lazima atulie, ashike kitu kimoja kisichosogea ajue upande wa kutokea, avute hewa ya mtungi mdogo, afungue mkanda, ndipo atoke. Anayehangaika hupotea upande.

Mazoezi ya namna hiyo, bila kiti wala mtungi, yanawezekana hapa Mikindani maji yakiwa kifuani, mkiwa na waokoaji pembeni. Naomba wenye boti mnaobeba abiria muanze na mabaharia wenu, kabla kusi haijaingia.