Mabuu Nao Wana Chakula Chao: Mhadhara kwa Wafugaji wa Kuku, Bukavu

Karibuni, mama na baba wafugaji, na nyinyi wanafunzi mliojazana mlangoni. Sogeeni mbele, viti viko vitupu kama kawaida.

Tunaongea juu ya mabuu wa nzi askari mweusi, yule wataalamu wanamwita Hermetia illucens. Tunamfuga ili kuku na samaki wetu wapate protini bila kungoja soya ya dukani. Waliowauzia mayai yake waliwaambia anakula kila kitu. Karibu kila kinachooza, ndiyo, anakula. Lakini kula si kukua, na kukua nako hakumpi kuku faida kila mara.

Nianze na maji, maana hapo ndipo wengi wanaharibikiwa. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Cammack na Tomberlin, walitangaza majibu ya jaribio ambalo ndani yake walibadilisha protini, wanga na unyevu wa chakula. Penye unyevu wa asilimia 40 mabuu hawakukua. Penye asilimia 70 walikwenda vizuri. Kama huna kipimo nyumbani, shika chakula kwenye ngumi ukamue kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitokeza kati ya vidole, inatosha. Yakichuruzika, ongeza pumba. Ukifungua ngumi na chakula kikamomonyoka, nyunyizia maji. Matunda yaliyooza tunayookota soko la Kadutu karibu yote ni maji: bila pumba mabuu wanakosa hewa, usiku wanapanda ukuta wa beseni, asubuhi unakuta kuku wa jirani wameshawamaliza.

Katika jaribio lile, chakula kilichoshinda kilikuwa na protini asilimia 21 na wanga asilimia 21. Sasa tazama takataka zetu. Maganda ya muhogo na ya ndizi yana wanga na nyuzinyuzi, protini kidogo sana, na nyuzinyuzi ngumu zinampita buu tumboni bila kumfaa. Dreshi ya kiwanda cha bia, yaani mabaki ya nafaka iliyopikiwa bia, ikikauka, ina protini ya asilimia 20 hivi au zaidi. Anayelisha maganda peke yake atangoja majuma mengi kuliko jirani yake anayechanganya na dreshi, na bado atavuna mabuu wembamba.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Buu akila vitu vyenye sukari na wanga mwingi, anaugeuza kuwa mafuta, hasa asidi ya lauriki, ile iliyojaa katika mafuta ya nazi. Anang'aa, anajaza mkono, na mnunuzi anafurahi. Mimi simfurahii sana. Protini ya buu haiyumbi sana. Mafuta yake ndiyo yanapanda na kushuka kufuatana na chakula, na ukimkausha akiwa na mafuta mengi anachacha upesi gunia likikaa.

Lakini mafuta hayohayo tunaweza kuyaelekeza, na hapa sisi wa kando ya Ziwa Kivu tuna bahati. Mwaka 2007 mtafiti St-Hilaire na wenzake walilisha mabuu samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na matumbo ya samaki. Waliokula samadi tupu walikuwa na mafuta asilimia 21. Waliopata samaki, asilimia 30, na ndani ya mafuta hayo omega-3, yale mafuta mazuri ya samaki, ilifika kama asilimia 3. Kilichonishangaza ni muda: saa 24 za kula samaki, mwishoni kabisa, zilitosha kuifikisha hapo. Kwa hiyo msimalize vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, tangu siku ya kwanza. Viwekeni kwa siku ya mwisho kabla ya kuvuna.

Kuhusu kiasi, mtafiti Diener na wenzake mwaka 2009 walipendekeza miligramu 100 za chakula kwa buu mmoja kwa siku, wakitumia chakula cha kuku chenye unyevu wa asilimia 60. Takataka zetu ni hafifu kuliko chakula cha kuku, basi msiichukue kama amri. Angalieni beseni: chakula cha jana kikibaki kinanuka uchachu, punguzeni. Na kumbukeni tuko mita 1,500 juu ya bahari; buu anapenda joto la nyuzi 27 hadi 30, na chumba chenye baridi kitamchelewesha hata umpe dreshi tupu.

Vuneni wakiwa bado weupe. Wakianza kuwa weusi wameshaacha kula, ngozi inakuwa ngumu, na chakula mnachoongeza hapo kinaoza bure.

La mwisho ni takataka za pembeni ya gereji na betri zilizopasuka. Hizo hapana. Kadimiamu, metali yenye sumu inayoweza kuwa ndani yake, inajikusanya mwilini mwa buu, halafu inamfuata kuku. Haya, maswali. Mama aliye dirishani alinyoosha mkono kwanza.