Patmo: kisiwa tunachokisoma, kisiwa wanachokaa watu

Mchungaji, wazee wa kanisa, kina mama na vijana, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie kisiwa ambacho jina lake mnalijua nyote. Fungueni Ufunuo, sura ya 1, aya ya 9: "kisiwa kiitwacho Patmo". Tangu Shule ya Jumapili nilikuwa nikiisoma aya hiyo na kuona jabali tupu baharini, na mzee mmoja ameketi juu yake. Siku niliposhuka melini, mtu wa kwanza kukutana naye pale gatini alikuwa kijana anateremsha makreti ya nyanya. Nilisimama nikamtazama kwa muda. Patmo kuna watu, wana nyanya, wana watoto wanaokwenda shule.

Wagiriki wenyewe hukiita Patmos. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama 34, chenye wakazi wapatao 3,000. Hakina uwanja wa ndege. Unapanda meli Piraeus, bandari ya Athene, mwendo wa saa kama 8. Au unaruka mpaka Kos, ile Kosi ya Matendo ya Mitume, kisha unamalizia kwa boti.

Unafikia Skala, mji wa bandarini. Msikawie sana hapo. Kuna hoteli, mikahawa na majengo waliyoyaacha Waitaliano, waliokitawala kisiwa kuanzia 1912 hadi 1943. Inueni macho mlimani: juu kabisa mtaona ngome ya mawe ya rangi ya udongo, na nyumba nyeupe zimeikumbatia pande zote. Hicho ni kijiji cha Chora. Basi lipo, lakini nawasihi mwende kwa miguu, kwa njia ya zamani iliyotandazwa mawe, kwa sababu katikati ya mlima ndipo lilipo pango.

Pango la Ufunuo, ambamo mapokeo husema mtume Yohana aliyaona maono yake, huliingii kwa kupanda, unaliingia kwa kushuka ngazi, na mwisho wa ngazi unainama. Ni dogo kuliko chumba cha ibada cha watoto wetu. Upande mmoja ni kanisa lililojengwa kwa mikono, upande wa pili ni mwamba wenyewe. Kwenye dari ya mwamba kuna ufa uliogawanyika mara tatu. Wenyeji husema sauti "kama sauti ya baragumu" ilipita hapo, na zile nyufa tatu ni ishara ya Utatu. Chini, karibu na sakafu, kuna kishimo kilichozungushiwa fedha: ndipo Yohana alipolaza kichwa. Juu yake kidogo kuna kingine, alichokishika ili ainuke. Hayo ni mapokeo, wala siwaambii kwamba yamepimwa. Lakini kile cha kushikia ndicho kilichonikamata. Mapokeo yamekumbuka kwamba mtume alikuwa mzee, na kwamba kuinuka kutoka sakafuni kulikuwa kazi.

Ukifika juu unaikuta monasteri ya Mtakatifu Yohana. Mwaka 1088 Alexios Komnenos, Kaisari wa Konstantinopoli, alimpa mtawa Christodoulos kisiwa kizima kwa hati, na hati hiyo ipo hadi leo katika hazina ya monasteri. Kwa nini nyumba ya sala ikajengwa kama boma la vita? Maharamia. Juu ya lango kuna tundu la kuwamwagia mafuta ya moto wavamizi. Christodoulos mwenyewe alilazimika kukimbia na akafia mbali, kisiwa cha Euboea, mwaka 1093. Wanafunzi wake wakaurudisha mwili wake, nao umo ndani.

Humo humo hazinani, tafuteni karatasi za ngozi zilizotiwa rangi ya zambarau. Ni Injili ya Marko, ya karne ya 6, imeandikwa kwa wino wa fedha, na majina ya Mungu na ya Yesu kwa dhahabu. Patmo zimebaki karatasi 33. Sehemu kubwa ya kitabu iko Urusi, na nyingine zimetawanyika Ulaya. Nilikaa mbele ya kioo hadi mlinzi akanikaribia. Fedha imefifia, lakini bado herufi unaziona moja moja. Kina mama, bebeni khanga ya kujifunga, kwa sababu mabega na miguu lazima vifunikwe.

Chora yenyewe ni vichochoro, kuta za chokaa na milango mizito. Baada ya Konstantinopoli kuanguka mikononi mwa Waturuki mwaka 1453, wakimbizi walikuja kujenga chini ya kivuli cha ngome. Mwaka 1669 wakaja wengine kutoka Krete. Siku ya Alhamisi Kuu, mkuu wa monasteri huwaosha miguu watawa 12 hadharani, na kijiji kizima hutazama. Tangu 1999 kijiji, monasteri na pango vimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Mwenye siku ya ziada aende Kampos, kijiji cha wakulima upande wa kaskazini, au Grikos kwenye ghuba tulivu. Mimi siku ya mwisho nilirudi Chora, kwenye vinu vitatu vya upepo vilivyo ukingoni mwa kijiji. Viwili ni vya mwaka 1588, na vimekarabatiwa. Ukisimama hapo unaona maji kila upande. Mashariki, ng'ambo ya maji hayo, ndiko Efeso, Smirna, Pergamo, makanisa yote saba aliyoyaandikia Yohana. Watu wake walikuwa kule, yeye huku, na bahari katikati. Nilikuwa na Biblia yangu ya Kiswahili mkononi, nikafungua sura ya 21, aya ya 1, ambayo nimeihubiri mara nyingi bila kujiuliza bahari ilimkosea nini Yohana: "wala hapana bahari tena". Nikaifunga, nikaketi chini ya kinu mpaka meli ya jioni ikaonekana.